Tundu lisiloonekana: historia ya fistula, toka jumba la mfalme hadi hopitali ya Panzi



Siku moja, baada ya kipindi kuhusu afya ya wazazi, mama mmoja alinisubiri nje. Nilimkaribisha aingie aketi, akakataa. Alisimama mbali kidogo, upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Baadaye ndipo nilielewa kwa nini alichagua kusimama pale. Akaniuliza: “Mwanangu, umesema fistula inatibiwa. Hata ile ambayo choo kikubwa kinapita mbele?” Nikamjibu: ndiyo mama, hata hiyo. Akanyamaza, kisha akauliza: “Basi kwa nini miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia?”

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili limenikalia kichwani, na ndilo limenifanya niandike habari hii. Kumjibu kunataka turudi nyuma kidogo.

Tundu lenyewe ni nini

Neno fistula limetoka katika Kilatini, na maana yake ni bomba au mwanzi ulio wazi ndani. Madaktari hulitumia kwa njia yoyote iliyofunguka kati ya viungo viwili visivyopaswa kukutana, au kati ya kiungo cha ndani na ngozi. Kibofu kikitoboka kuelekea njia ya uzazi, mkojo unatiririka mchana na usiku. Utumbo mkubwa ukitoboka kuelekea huko huko, choo na hewa vinapita mahali pasipo pake. Tumbo likifungua njia hadi ngozini, chakula kinatokea ubavuni. Na utumbo ukitoboka bila uchafu kupata njia ya kutoka nje, unamwagika ndani ya tumbo, na hapo maisha ya mtu yanahesabiwa kwa saa.

Kwetu, wengi wanaojulikana kuwa na fistula ni akina mama. Mama anashikwa na uchungu siku mbili, siku tatu, na mtoto hapiti. Kichwa cha mtoto kinabana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti tena pale. Nyama isiyopata damu inakufa, na baada ya siku kadhaa inadondoka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto mwenyewe anazaliwa amekufa. Mama anarudi nyumbani bila mtoto, na nguo zake zimelowa.

Wengine wameipata kwa kubakwa kikatili wakati wa vita. Wengine wameipata baada ya upasuaji ambao haukwenda vizuri. Katika hayo yote, hakuna laana, hakuna uchawi, wala hakuna malipo ya uzinzi. Ni jeraha, kama mfupa uliovunjika ni jeraha.

Mfalme naye aliugua

Wako wanaodhani maradhi haya ni ya watu maskini na wachafu. Wasikie habari ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote Ulaya wakati wake. Mwaka 1686 alipata jipu karibu na njia ya haja kubwa, nalo likageuka fistula. Alishindwa kupanda farasi, na kukaa kitako kukawa mateso. Walijaribu dawa za kupaka na maji ya chemchemi, zote bila faida.

Daktari wake wa upasuaji, Charles-François Félix, hakuwa na ujuzi wa kutosha wa kazi hiyo, akaomba apewe muda. Katika muda huo alijifunzia kwa wagonjwa maskini wa hopitali za Paris, akawakata mmoja baada ya mwingine mpaka mkono ukazoea. Kisha, tarehe 18 Novemba 1686, akampasua mfalme kwa kisu kilichotengenezwa maalum. Dawa ya usingizi haikuwepo bado. Mfalme alipona, Félix akapewa fedha na ardhi, na watu wakafanya sherehe za kushukuru. Wale maskini waliotumiwa kumfundisha, majina yao hayakuandikwa popote.

Mtu aliyeishi na dirisha tumboni

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja wa kazi za biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya, karibu sana. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akidhani hatalala na kuamka. Kijana akaishi, lakini kidonda kilipopona kilibaki na tundu lililotoka tumboni moja kwa moja hadi ngozini. Halikufunga tena.

Beaumont akaona nafasi. Kwa miaka kadhaa alifunga vipande vya nyama na mkate kwenye uzi, akaviingiza katika lile tundu, akavitoa baada ya saa kadhaa na kuandika vimeyeyuka kiasi gani. Mwaka 1833 alichapisha kitabu, na dunia ikajua kwamba tumbo husaga chakula kwa maji makali. Mambo mengi tunayojua leo kuhusu jinsi tumbo linavyosaga chakula yalianzia katika tundu la mtu huyo. St. Martin mwenyewe alichoka kuchunguzwa na mara zaidi ya moja aliondoka kurudi kwao Kanada. Alikufa mwaka 1880, tundu likiwa bado wazi. Elimu ilipita katika tundu hilo, lakini uponyaji haukupita.

Anarcha na uzi wa fedha

Sasa tufike kwa wanawake. Katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, kati ya mwaka 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims alitafuta namna ya kufunga fistula ya uzazi. Wanawake aliowatumia walikuwa watumwa weusi. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa msichana wa miaka kama 17, aliyekaa na uchungu siku tatu. Alibaki na matundu mawili, moja la kibofu na moja la utumbo, yaani hali ile ile ya wengi wa mama zetu.

Sims alimpasua Anarcha mara 30 hivi, bila dawa ya usingizi, ingawa dawa hiyo ilikwisha kuonyeshwa mbele ya watu mjini Boston mwaka 1846. Uzi wa hariri ulikuwa unaoza na kuleta usaha. Mwishoni akajaribu uzi wa madini ya fedha, na mwaka 1849 tundu likafunga. Njia hiyo ikaenea Marekani na Ulaya, na Sims akajengewa sanamu. Mwezi wa Aprili 2018 mji wa New York uliondoa sanamu yake katika bustani ya Central Park, na mwaka 2021 sanamu za Anarcha, Betsey na Lucy zikasimamishwa Montgomery.

Nayasema haya kwa sababu moja. Kila uzi unaotumika leo kumfunga mama wa Moba au wa Kalemie ulilipiwa na mwanamke mweusi aliyeumia. Kwa hiyo matibabu haya hatupewi kama sadaka. Bei yake ilikwisha kulipwa zamani.

Jicho linaloingia ndani

Kwa karne nyingi, kuziba tundu la ndani kulimaanisha kufungua tumbo kwa kisu. Tatizo lilikuwa kuona. Mwaka 1868, Mjerumani Adolf Kussmaul alimtumia mtu mmoja wa maonyesho, mwenye kipaji cha kumeza panga, akapitisha bomba gumu mpaka tumboni mwake. Njia ikapatikana, lakini mwanga ulikuwa hafifu na bomba halikupinda.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1957. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alishiriki kutengeneza bomba linalopinda, lililojaa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Kabla ya kumpitishia mgonjwa, alilimeza yeye mwenyewe. Mkilinganisha na Félix na Sims, mtaona jambo limegeuka: safari hii daktari alianza na koo lake.

Kazi hiyo inaitwa endoskopi. Mwanzoni ilikuwa ya kuangalia tu. Baadaye madaktari wakajifunza kupitisha vyombo vidogo ndani ya bomba hilo na kufanya kazi humo humo. Leo, katika hopitali kubwa, mtu ambaye mshono wa tumbo au wa utumbo umeachia baada ya upasuaji anaweza kutibiwa bila kukatwa upya. Daktari anaweza kubana kingo za tundu kwa kibano kidogo cha madini chenye meno. Anaweza kuweka stenti, yaani bomba la wavu lililofunikwa, ili chakula kipite bila kugusa tundu. Anaweza kuweka sifongo iliyounganishwa na mashine ya kufyonza, ikatoa usaha na kuvuta nyama mpya ikue, akiibadilisha kila baada ya siku chache. Au anapitisha mpira mwembamba ili usaha ulionaswa urudi ndani ya utumbo na kutoka kwa njia yake.

Vyombo ni vipya, lakini kanuni yake ni ya zamani, na muuguzi yeyote wa kituo cha afya anaijua: toa uchafu, pumzisha mahali palipoumia, mlishe mgonjwa apate nguvu, ndipo ufunge. Tundu likifungwa juu ya usaha litafunguka tena. Na mgonjwa mwenye njaa, nyama yake haishikani.

Jambo moja tulielewe vizuri. Si kila tundu linasubiri kamera. Homa ya matumbo isipotibiwa inaweza kutoboa utumbo, mara nyingi katika wiki ya tatu. Kati ya mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005, mlipuko wa homa hiyo mjini Kinshasa uliwapata watu zaidi ya 42,000, na karibu 700 walitoboka utumbo au walipata uchafu tumboni. Tundu la namna hiyo linahitaji upasuaji wa haraka. Mtu aliyekuwa na homa kwa siku nyingi, kisha tumbo likauma ghafla na kuwa gumu kama ubao, apelekwe hopitali saa ile ile. Asipewe chakula, asipewe dawa ya kuharisha, wala asisubiri kesho. Kwenye kambi zetu, ambako maji safi ni ya kupigania, habari hii inatuhusu sana.

Toka Addis Ababa hadi Bukavu

Barani kwetu, kazi ya kufunga fistula ilipata nguvu Ethiopia. Reginald na Catherine Hamlin, mume na mke, madaktari wote wawili, walifika Addis Ababa mwaka 1959 kwa mkataba mfupi. Walipoona wanawake wangapi wanakuja wakivuja, wakakaa. Mwaka 1974 wakafungua hopitali ya fistula. Reginald alifia huko, na Catherine aliendelea mpaka alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96. Mmoja wa wagonjwa wao wa miaka ya 1960, Mamitu Gashe, alikuwa msichana wa kijijini asiyejua kusoma. Baada ya kutibiwa akabaki kusaidia kutandika vitanda, kisha kushika vyombo, mwishowe akawa yeye mwenyewe fundi wa kufunga fistula, na madaktari waliotoka vyuo vikuu wakaja kujifunza kwake.

Hapa kwetu mashariki ya Kongo, jina linalotangulia ni la Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, mwaka 1955. Alifanya kazi katika hopitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Tarehe 6 Oktoba 1996 vita vilifika Lemera, na wagonjwa na wauguzi wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hopitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia wanawake wapate mahali salama pa kuzalia. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Baada yake wakaja maelfu.

Fistula za vita zilikuwa ngumu kuliko zile za uzazi peke yake. Nyingine ziligusa kibofu na utumbo pamoja, na nyingine zilikuwa juu sana, mkono wa daktari haufiki kwa chini. Kuanzia miaka ya 2010, profesa Guy-Bernard Cadière wa hopitali ya Saint-Pierre, Brussels, alikuja Panzi na timu yake mara kwa mara kufanya kazi na Mukwege. Walileta laparoskopi: badala ya kufungua tumbo lote, daktari anatoboa matundu madogo, anajaza hewa tumboni, anaingiza kamera na vyombo virefu, na kushona akiangalia kioo. Kwa mama ambaye atarudi kushika jembe, kidonda cha kidole kimoja na kidonda cha tumbo zima si sawa. Na kazi haikuwa ya wageni peke yao, kwani madaktari wa Panzi walijifunza njia hiyo.

Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia Mukwege nyumbani, na mlinzi wake akauawa akimwokoa. Daktari aliondoka nchini, na Januari 2013 akarudi. Mwaka 2015 chuo kikuu cha Brussels kilimpa udaktari kwa utafiti wake juu ya fistula hizi za kuumizwa, za mkojo na za utumbo, katika mashariki ya Kongo. Mwaka 2018 akapewa tuzo ya amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Goma nako hopitali ya HEAL Africa imekuwa ikifunga fistula miaka mingi.

Barabara ndiyo inayotoboa

Sasa turudi Marungu. Mwezi wa Oktoba 2000, Pepa yetu ilikuwa uwanja wa vita. Jeshi la serikali liliichukua kutoka kwa RCD na Wanyarwanda waliokuwa nao, kisha wakaichukua tena, na mwanzoni mwa Desemba Pweto nayo ikaanguka. Maelfu ya watu walikimbilia Zambia, wengi wakaishia kambi za Kala na Mwange. Kuanzia 2016, mapigano ya vikundi vya Watwa na vya Waluba yaliwaondoa maelfu wengine vijijini, na kambi zikajaa kandokando ya Kalemie. Kila safari ya namna hiyo ina mama mwenye mimba ndani yake. Uchungu haungojei amani. Mama anashikwa porini, kituo cha afya kimefungwa au kimeporwa, pikipiki haipiti kwa sababu ya matope au ya bunduki. Ndiyo maana nasema fistula ni ugonjwa wa barabara kabla ya kuwa ugonjwa wa mwili.

Jirani zetu Watanzania waliliona jambo hilo. Hopitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa inatibu fistula bure, lakini wanawake hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Mwaka 2009 wakaanza kutuma pesa ya basi kwa simu: mtu aliyepewa kazi hiyo kijijini anapokea, anamkatia mgonjwa tikiti, anampandisha gari. Wagonjwa wakaanza kufika. Nauli nayo, kumbe, ni sehemu ya dawa.

Mambo ya kushika

Mama akishikwa na uchungu, jua lisizame na kuchomoza mara ya pili hajafika kituo cha afya. Msimfiche na msisubiri mkwe atoe ruhusa.

Mama aliyechelewa kujifungua aangaliwe siku zinazofuata. Mkojo au choo kikianza kuvuja, arudi mara moja. Tundu dogo la kibofu likigunduliwa mapema, kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa kunaweza kulifunga bila upasuaji. Tundu la utumbo mara nyingi linahitaji kusubiri miezi, na wakati mwingine daktari anatoa choo kwa muda ubavuni ili mshono upate kupona. Mfuko huo ubavuni ni hatua ya kupona, mgonjwa asiutoroke.

Mara kwa mara timu za madaktari huja katika mikoa ya Kongo kufunga fistula bila malipo. Anayejua kwanza ni muuguzi mkuu wa kituo na ofisi ya zoni ya afya. Waulizeni, na mkiishi kambini mwambieni mhudumu wa afya wa kambi aandike jina.

Na nyinyi wanaume wenzangu: mke hakujitoboa. Mfalme wa Ufaransa alipougua, jumba zima lilimngojea apone. Mke wako anastahili kungojewa vilevile.

Mama yule wa siku ile nilimjibu swali lake la pili kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba waliojua walikuwa mbali, na sisi tulio karibu tuliona haya kutamka. Alitikisa kichwa, akachukua karatasi niliyomwandikia jina la kituo cha kuanzia, akaikunja akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Kisha akaniuliza kama mdogo wake anaweza kumsindikiza. Nikamwambia: mama, nenda naye.